Mdogo wangu amejifungia chumbani tangu matokeo yatoke: tuanzie wapi kumtafutia msaada?

Kaka Mkubwa (Morogoro) anauliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Ninaandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume mwenye umri wa miaka 19, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu katika tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Matokeo yalimkuta akiwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Hayakuwa mabaya, lakini hayakufikia alama za kusomea udaktari, nao udaktari ndio uliokuwa ukitajwa hapa nyumbani tangu akiwa darasa la tano, kiasi kwamba majirani walikuwa wamekwisha kumwita daktari kwa utani. Aliporudi mwishoni mwa Agosti tulidhani ni uchovu wa kambi tu, tukamwacha apumzike.

Sasa ni wiki ya saba. Usiku halali, ninasikia akitembea chumbani hadi karibu na alfajiri, kisha analala mpaka saa nane mchana. Chakula anakigusa tu. Alikuwa hakosi uwanjani jioni, lakini viatu vyake vya mpira viko pale pale alipoviweka siku aliyorudi. Rafiki zake wakipiga simu hapokei, na wakija nyumbani anatuomba tuseme ametoka.

Nyumbani kila mmoja ana lake. Mama amempeleka kwenye maombi mara tatu. Mjomba anasema kijana apelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, hata kwa nguvu, akachomwe sindano atulie, na kwamba tumdanganye tunakwenda kupima malaria. Jirani mmoja ameshaeneza kuwa ni bangi. Mimi nilikwenda peke yangu kwenye hospitali moja kuulizia, na karani wa mapokezi akaniuliza kwa sauti, mbele ya foleni nzima, kichaa mwenyewe yuko wapi. Nikaondoka bila kujibu, na kwa kweli nilijionea aibu kwa kuondoka.

Naomba kuelekezwa mambo haya. Je, kuna mahali pa kuanzia ambapo si Mirembe? Tukifika hapo tuseme tumekuja kumwona nani, na gharama zikoje kwa familia isiyo na bima? Na je, nitamwambiaje mdogo wangu habari ya kwenda hospitali bila kumdanganya na bila kumfanya azidi kujifungia?

Muuguzi Mstaafu (Dodoma) anajibu:

Marahaba, mwanangu. Pole kwa karani yule, na usione aibu. Wengi wamegeuka pale pale dirishani, wakarudi baada ya mwaka mgonjwa akiwa katika hali mbaya zaidi. Nimefanya kazi ya uuguzi wa afya ya akili kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza tuiondoe Mirembe kwenye vitisho vya mjomba. Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1927, nayo ndiyo hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, yenye pia kitengo cha Isanga kwa wale wanaoletwa kwa amri ya mahakama. Watu wamelifanya jina lake kuwa tusi, ilhali ni hospitali kama nyingine, na nimewaona wengi wakitoka pale wakarudi kazini na kulea watoto wao. Hata hivyo, ni hospitali ya rufaa ya ngazi ya taifa. Kijana anayekosa usingizi na kukata tamaa baada ya matokeo ya mtihani hahitaji kuvushwa mkoa kabla hajaonana na mtu yeyote wa karibu.

Anzeni na hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, au ya wilaya ikiwa ndiyo iliyo karibu. Piga simu au nenda mwenyewe ukaulize swali moja tu: kliniki ya afya ya akili hufanyika siku gani na kuanzia saa ngapi? Siku hiyo mkifika dirishani, semeni mmekuja kliniki ya afya ya akili mfungue faili. Hamna wajibu wa kumweleza karani ugonjwa ni nini, na akiuliza, mwambie mtamweleza mhudumu ndani. Ikiwa kwenu kuna zahanati au kituo cha afya pekee, mwoneni mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, awaandikie barua ya rufaa.

Ndani mtamkuta muuguzi wa afya ya akili au daktari, na katika hospitali kubwa huenda pia kuna mwanasaikolojia. Mara nyingi watamwomba kijana azungumze peke yake kwanza. Msilichukulie vibaya jambo hilo, kwa sababu yapo mambo ambayo hatayasema mbele ya kaka yake. Ataulizwa kuhusu usingizi, hamu ya kula, kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kama ametumia pombe au bangi. Siku hizi mimi ningeongeza swali la kubeti na la mikopo ya simu, kwa kuwa nimekutana na vijana ambao wazazi walidhani wamelogwa, kumbe walikuwa wanadaiwa. Huenda akapewa maswali tisa kuhusu hali yake ya wiki mbili zilizopita, ambayo hutumika kupima ukubwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Wanaweza pia kupima damu, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kumfanya mtu achoke na kunyong'onyea vivyo hivyo.

Si kila anayefika hupewa dawa. Sonona ikiwa nyepesi, huanza na unasihi, yaani ushauri nasaha. Ikibidi dawa, kwa umri wake huenda akaandikiwa fluoxetine, ambayo si dawa ya usingizi wala ya kumlevya mtu. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki mbili hadi sita kabla nafuu haijaonekana vizuri, na hapo ndipo familia nyingi huiacha kwa kudhani haifai. Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo zinahitaji mtu wa kumwangalia kwa karibu, kwa sababu baadhi yao hupata mawazo mabaya zaidi kabla ya kupata unafuu. Dawa isikatishwe ghafla bila kumwuliza daktari, hata akijisikia amepona. Kuhusu sindano anayoitaja mjomba, hiyo hutumika mtu anapokuwa katika fujo inayohatarisha maisha yake au ya wengine. Haiponyi huzuni.

Kuhusu gharama, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo ndani ya hospitali kabla ya kulipa chochote kikubwa. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayeshughulikia maombi ya msamaha kwa wasio na uwezo, na barua kutoka serikali ya mtaa wenu itasaidia.

Jambo la mwisho: msimdanganye. Habari ya kupima malaria itawafikisha hospitali mara moja tu. Matibabu ya namna hii yanategemea ziara ya pili, ya tatu na ya nne, na kijana aliyetegwa mara ya kwanza hatakubali kurudi.

Binti wa Ubungo (Dar es Salaam) anajibu:

Kaka, pole sana. Mama muuguzi ameeleza ya hospitali vizuri kuliko ninavyoweza, kwa hiyo nitasema ya chumbani, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimejifungia.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipoacha kuhudhuria mihadhara. Watu waliniambia maneno mawili mara nyingi kuliko mengine yote: la kwanza ni "jikaze", na la pili ni kwamba wenzangu wana shida kubwa kuliko zangu. Yote mawili nilikuwa nimekwisha kujiambia mwenyewe, tena kwa ukali zaidi, hivyo waliponiambia walinithibitishia tu kwamba mimi ni mvivu. Mtu aliyenisaidia ni dada yangu, na hakusema mengi. Alikuwa akija jioni, anakaa kwenye kiti na kukunja nguo zangu zilizorundikana, kisha anaondoka. Siku ya nne au ya tano ndipo nilipomwambia kwamba silali. Hakushtuka wala hakunihubiria. Aliniuliza kama ningependa twende pamoja kwa mshauri wa wanafunzi au kama ningependa kwenda peke yangu akanisubiri nje.

Swali lile nalikumbuka mpaka leo kwa sababu lilikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa zangu kuchagua. Mdogo wako amekuwa akipangiwa maisha tangu darasa la tano. Ukimwambia "Jumanne unakwenda hospitali", umempangia tena. Mwambie unachokiona bila kukipa jina: kwamba unamsikia akitembea usiku, kwamba umeona hali chakula, na kwamba una wasiwasi. Mwambie pia ukweli kwamba ulikwenda kuulizia na ukajibiwa vibaya. Nadhani hilo litamgusa kuliko hotuba yoyote, kwa sababu atajua hukumtuma mahali ambapo wewe mwenyewe hujakanyaga.

Kuhusu unasihi, watu hudhani ni kukaa na kulia tu. Mimi nilipewa kazi ndogo ndogo ambazo mwanzoni niliziona za kitoto: wiki ya kwanza kufua soksi na kutoka nje dakika kumi kabla jua halijawa kali, wiki ya pili kwenda dukani mwenyewe. Nilielezwa kwamba mtu mwenye sonona husubiri apate hamu ndipo afanye jambo, ilhali hamu yenyewe hurudi baada ya kufanya. Dawa nilizitumia pia. Siku kumi za mwanzo nilisumbuliwa na kichefuchefu, kikaisha.

Na mama msimnyang'anye maombi yake. Mchungaji wetu alimwambia mama yangu kwamba yeye ataendelea kuomba, lakini mtoto aende kwa daktari, na neno lile kutoka kwake lilikuwa na uzito kuliko lingetoka kwangu. Kama kanisani kwenu yuko mtu wa namna hiyo, mtumieni.

Kaka Mkubwa (Morogoro):

Nawashukuru sana. Jana jioni nilifanya kama binti alivyoelekeza. Nilikaa chumbani kwake, nikamweleza habari za yule karani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akacheka kidogo. Amesema yuko tayari kwenda, ila si pamoja na mjomba. Nimeulizia, na kliniki ni Jumanne.

Lakini kuna jambo limeniogopesha. Nilipokuwa natoka alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba sote tungepumzika kama asingekuwepo. Sikujua niseme nini. Nikazima taa, nikasema tutaongea kesho.

Muuguzi Mstaafu (Dodoma):

Mwanangu, usisubiri Jumanne kulizungumza hilo. Rudi kwake leo, mkiwa wawili tu, umwulize waziwazi: "Uliposema tungepumzika kama usingekuwepo, ulikuwa unafikiria kujiua?" Tumia neno hilo hilo. Watu huogopa kwamba kuuliza kutampandikizia wazo, lakini hakumpandikizii. Kwa wengi huwa ni nafuu kubwa kupata mtu anayeweza kulisikia neno hilo bila kukimbia.

Akisema hapana, mshukuru kwa kukujibu na umwambie utamwuliza tena. Akisema ndiyo, mwulize kama amefikiria atafanyaje na lini. Ikiwa ana mpango, au ukiona hawezi kukuhakikishia usalama wake wa usiku mmoja, msimwache peke yake, na mwende siku hiyo hiyo kwenye idara ya dharura ya hospitali ya mkoa, hata kama ni usiku wa manane. Pale hakuna kusubiri siku ya kliniki.

Kwa vyovyote atakavyojibu, ondoeni leo ndani ya nyumba dawa zote za hospitali zilizobaki na sumu za shambani, mzipeleke kwa mtu mwingine au mzifungie. Mawazo ya namna hii mara nyingi huja kwa kishindo na kupita, na mtu asipokuwa na kitu karibu, muda huo unaweza kupita akiwa salama. Hata dawa atakazopewa kliniki, zikae kwako.

Mjomba anaweza kuwatisha kwa habari za polisi, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwa na mawazo hayo na kuyasema kwa daktari si kosa. Mwelezeni daktari kila kitu.

Mwalimu wa Likoni (Mombasa) anajibu:

Ndugu yangu, nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Hilo la sheria limenigusa, kwa kuwa kwetu Kenya kifungu kama hicho, cha 226, kilikuwapo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Kabla ya hapo niliwahi kuiona familia moja ikimficha mtoto nyumbani badala ya kumpeleka hospitali, kwa hofu ya kituo cha polisi tu.

Kwa Wakenya watakaopita hapa, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na ya watoto ni 116. Nafahamu kwamba Tanzania pia 116 ni Simu ya Huduma kwa Mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema. Mdogo wako amevuka miaka 18, lakini mwenye mtoto wa sekondari aliye katika hali kama hii anaweza kuanzia hapo bila gharama.

Nataka kuongeza jambo ambalo hospitali haiwezi kulifanya. Hapa Kenya kuna taasisi iitwayo Shamiri, ambayo huwafunza vijana waliomaliza shule karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari. Hukutana mara nne, saa moja kila mara, wakizungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo kila mmoja anayathamini. Hawataji ugonjwa wowote, na nadhani ndiyo sababu wanafunzi hawakimbii. Matokeo ya utafiti wao yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa wanafunzi hao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Ninachojifunza hapo ni kwamba kijana humsikiliza aliyemtangulia hatua moja. Mtafutieni mtu wa miaka 23 au 24 aliyekosa udaktari akaenda, tuseme, stashahada ya utabibu, wakutane wanywe chai. Ataona kwamba mlango haukufungwa wote.

Binti wa Ubungo (Dar es Salaam):

Mwalimu, kwa heshima, hilo la stashahada ningeliweka mbali kwa sasa. Akili ikiwa katika hali ile, kila ushauri wa masomo unasikika kama ukumbusho wa kushindwa. Huyo wa miaka 23 aje, lakini aje kwa ajili ya mpira.

Mwalimu wa Likoni (Mombasa):

Umenisahihisha vyema. Ualimu umeniharibu, kila ninapomwona kijana naona fomu ya kujaza.

Kaka Mkubwa (Morogoro):

Narudi kutoa taarifa, maana baadhi yenu mmenitumia ujumbe kuuliza.

Nilimwuliza usiku ule ule, kwa maneno yale yale ya mama muuguzi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema ndiyo, amefikiria, ila hana mpango. Tulilala chumba kimoja hadi Jumanne. Dawa na kopo la dawa ya mahindi vimehamia kwa shangazi, ambaye hakuuliza sababu.

Jumanne tulifika saa moja asubuhi, na dirishani nilisema sentensi moja tu kama nilivyoelekezwa. Karani wa pale aliandika, akatuonyesha mlango. Mdogo wangu aliingia peke yake, nikabaki kwenye benchi dakika zinazokaribia 40, nikiwaza ana nini cha kumweleza mtu asiyemjua kwa muda wote huo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ana njaa. Tulikula chapati na maharage nje ya geti, akamaliza sahani.

Amepimwa damu, hajapewa dawa bado, na ameambiwa arudi baada ya wiki moja kumwona mnasihi yule yule. Mama alikuja na mzee wa kanisa aliyekubali kuzungumza na mjomba. Mjomba bado amenuna, lakini amechangia nauli ya ziara ya pili.